Nakala za kumbukumbu za umma ziwekwe pia kwenye kanda



Naomba unipatie nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo naona halisemwi sana, ingawa linamgusa kila mwananchi mwenye cheti, mwenye kiwanja, mwenye mtoto shuleni au mwenye faili hospitalini. Jambo lenyewe ni nakala za akiba za kumbukumbu za umma, hizi ambazo siku hizi hazikai tena kwenye makabati bali ndani ya mashine za kompyuta.

Mimi si fundi wa kompyuta. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilembo, Mpanda, na chuo nilichosoma ni cha ualimu. Lakini jambo hili limeshaniunguza vidole, na wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Miaka yangu ya kwanza kazini nilipangiwa shule moja ya kijijini ambayo sitaitaja. Rejista za udahili za shule hiyo zilikuwa zimeshambuliwa na mchwa. Hapa kwetu mchwa hawana likizo. Ukiweka kitabu sakafuni mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu unakuta jalada tu. Kamati ya shule ikachangishana, ikanunua kompyuta iliyokwishatumika, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kijana kuliko wote nikapewa kazi ya kuingiza majina. Likizo mbili sikwenda nyumbani. Nilichapa majina ya wanafunzi wa miaka 11, tarehe zao za kuzaliwa, majina ya wazazi, shule walizotoka na walikohamia. Nikahifadhi kwenye kompyuta, na kwa kuwa nilijiona mwangalifu nikahifadhi tena kwenye diski ya pembeni. Kisha nikamshauri mwalimu mkuu kwamba yale mabaki ya rejista yaliyojaa udongo yachomwe moto, maana ofisi ilikuwa ndogo. Akakubali. Nikayachoma mwenyewe nyuma ya jiko la shule.

Masika yaliyofuata ikapiga radi. Diski ile ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta kama ilivyokuwa siku zote, kwa sababu kuichomoa na kuichomeka ilikuwa usumbufu. Vyote viwili viliungua kwa pigo moja.

Haikupita muda mrefu akaja kijana mmoja aliyemaliza darasa la saba pale. Jina kwenye cheti chake lilitofautiana na jina kwenye kitambulisho chake kwa herufi mbili, naye akatakiwa alete barua ya shule inayothibitisha kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Nilikaa naye ofisini nikimtazama. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Alikuja kuokolewa na mwalimu mstaafu aliyekuwa ametunza nyumbani kwake daftari lake binafsi la darasa la mwaka ule. Wengine waliokuja baada yake hawakuwa na bahati hiyo, maana mzee yule hakufundisha madarasa yote. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba ile niliyoiita nakala haikuwa nakala. Zilikuwa mashine mbili zilizotegemea ukuta mmoja.

Nayasema haya si kwa sababu napinga kompyuta. La hasha. Leo mwanafunzi wangu akiandikishwa anapewa namba katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na namba hiyo inamfuata akihamia Tanga au Mtwara. Sisi watumishi tunaomba likizo na uhamisho kupitia mfumo wa ESS bila kupanda basi. Walimu wakubwa kuliko mimi wanasimulia jinsi walivyosafiri hadi Sumbawanga kufuatilia faili, wakati Mpanda ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, kabla ya Mkoa wa Katavi kuanzishwa mwaka 2012. Hakuna anayetamani kurudi huko. Ninachosema ni kwamba, kadiri ghala linavyokuwa kubwa na kadiri linavyokuwa moja, ndivyo anavyopatikana mtu wa kusema kwamba sasa ni kubwa mno, halinakiliki.

Na maneno hayo yameshasemwa. Tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Daejeon nchini Korea Kusini, moto ulizuka kwenye kituo cha Serikali cha kuhifadhi data. Ulianzia kwenye betri za akiba ya umeme, zile za lithiamu, wakati mafundi wakizihamisha. Mifumo ya Serikali zaidi ya 600 ilisimama. Mingi ilirudishwa baadaye, kwa sababu ilikuwa na nakala mahali pengine. Lakini kulikuwa na ghala moja lililoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa Serikali waliwekewa nafasi ya kutunza nyaraka zao za kazi, kila mmoja gigabaiti 30. Ndani yake mlikuwa na terabaiti 858. Ghala hilo liliteketea lote, na nakala ya nje haikuwapo. Sababu iliyotolewa ni kwamba lilikuwa kubwa mno kuweza kunakiliwa kwa utaratibu wa kawaida. Wizara inayosimamia watumishi ndiyo iliyoumia zaidi, kwa kuwa ilikuwa imewaagiza watu wake wasitunze kitu kwenye kompyuta za mezani bali humo tu.

Hebu fikiri, Ndugu Mhariri. Korea Kusini ndiyo nchi inayotuuzia simu na televisheni. Kama si ujuzi waliokosa, wala si fedha, walikosa nini?

Nilipoisoma habari hiyo nilichukua chaki. Darasa la sita tulikuwa kwenye kugawanya namba kubwa, nikaona nitumie namba hii badala ya magunia ya mahindi ya kwenye kitabu.

Lakini kwanza nieleze kanda yenyewe, maana wasomaji wengine watadhani nazungumzia kaseti za taarabu tulizokuwa tukizikaza kwa kalamu. Asili ni ile ile, utepe wa plastiki wenye unga wa sumaku. Kompyuta zilianza kutunza kumbukumbu kwenye kanda tangu miaka ya 1950 mwanzoni, na hazijaacha hadi leo. Aina inayotumika sana sasa huitwa LTO. Kanda ya LTO ya kizazi cha 9, iliyoingia sokoni mwaka 2021, inatoshea kwenye kiganja, lakini ndani yake umezungushwa utepe wenye urefu wa zaidi ya kilometa 1, nayo inabeba terabaiti 18 bila kubanwa. Mashine yake huandika megabaiti 400 kwa sekunde. Kizazi cha 10 kimeshatoka na kinabeba zaidi, ila mimi nilitumia cha 9 ili hesabu isionekane ya kubembeleza.

Watoto wakagawanya. Terabaiti 858 kwa 18, jibu ni kanda 48, ya mwisho ikiwa haijajaa. Kanda 48 zinaingia ndani ya tranka moja la mwanafunzi wa bweni. Kisha tukaja kwenye muda. Terabaiti 858 ni megabaiti milioni 858. Ukigawanya kwa 400 unapata sekunde 2,145,000, yaani saa 596 hivi, ambazo ni siku 25 kasoro kidogo. Hiyo ni mashine moja ikifanya kazi usiku na mchana. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida husinzia, akauliza: "Mwalimu, kwani hawawezi kununua mashine nne?" Wakiwa nazo nne, kazi inakwisha kwa siku 6 na saa chache.

Sasa fundi wa kweli atanicheka na kusema kwamba mambo si mepesi hivyo, naye atakuwa na haki. Nimejisomea na kuwauliza wanaojua, na nitaeleza ugumu ulipo ili nisionekane napiga domo.

Ugumu wa kwanza ni njia. Ghala kubwa la namna hii haliko kwenye mashine moja, bali data hufika kwenye mashine ya kanda kwa kupita kwenye waya wa mtandao. Waya wa gigabiti 1 kwa sekunde hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, hata mambo yakienda vizuri. Kwa waya huo hesabu yetu inapanda kutoka siku 25 hadi siku 79. Kwa hiyo anayenunua mashine ya kanda bila kupanua njia amenunua lori la tani 10 na kulipitisha kwenye njia ya baiskeli.

Ugumu wa pili ni mafaili madogo madogo. Kanda hupenda kukimbia bila kusimama. Ikiwa kompyuta inahangaika kufungua faili dogo hapa na faili dogo pale, mamilioni kwa mamilioni, data zinafika kwa matone, na kanda inalazimika kusimama, kurudi nyuma kidogo, kisha kuanza tena. Muda unapotea na utepe unachakaa. Dawa yake inajulikana. Mafaili hukusanywa kwanza kwenye diski za kati, yakafungwa pamoja kuwa mizigo mikubwa, ndipo yakamiminwa kwenye kanda kwa mkupuo. Tena ghala lenyewe ligawanywe vyumba, kwa idara au kwa mwaka, ili kila chumba kinakiliwe peke yake na mashine yake. Mtu anayetaka kunakili mlima mzima kama kitu kimoja atashindwa, na likitokea kosa siku ya 24 ataanza upya.

Wala si lazima kunakili kila kitu kila siku. Unanakili chote mara moja, kisha kila usiku unachukua kilichobadilika tu. Tuseme kila siku inabadilika sehemu 1 katika 100. Kwa ghala la Wakorea hiyo ni terabaiti 8.58, ambayo haijazi hata kanda moja na inaandikwa kwa saa 6. Usiku mmoja unatosha, na mlinzi hajabadilisha zamu.

Ipo hesabu nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni ya kurudi. Kilichochukua siku 25 kuingia kwenye kanda kitachukua siku kama hizo kutoka. Kwa hiyo ni lazima iamuliwe mapema nini kirudishwe kwanza. Mishahara? Dawa za hospitali? Matokeo ya mitihani? Uamuzi huo haufanywi wakati moshi unatoka dirishani.

Kuna watakaosema, ya nini kuhangaika na kanda wakati data siku hizi huandikwa sehemu mbili au tatu kwa wakati mmoja, mashine moja ikifa nyingine inaendelea? Utaratibu huo ni mzuri na uendelee. Lakini hauzuii kosa la mkono wala la programu, kwa sababu kosa nalo huandikwa sehemu zote tatu kwa wakati mmoja. Mwezi wa Februari 2011 programu mbovu ilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, na nakala zilizokuwa kwenye vituo mbalimbali nazo zikafutika. Waliosalimika walisalimishwa na kanda. Google, kampuni ambayo sote tunadhani inaishi mawinguni, ilikwenda rafuni ikachukua kanda na kurudisha barua za watu. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto huko Japani, programu ile ile iliyowekwa kwa kazi ya kunakili ilikosewa wakati wa marekebisho, ikafuta mafaili yapatayo milioni 34 yenye ukubwa wa terabaiti 77. Vikundi 14 vya watafiti viliguswa, na baadhi yao hawakuweza kurudishiwa kazi yao. Siku hizi tena wapo wahalifu wanaopenya kwenye mitandao, wanafunga data kwa fumbo na kudai fidia, na jambo la kwanza wanalotafuta ni nakala ili nazo wazifunge. Kanda iliyotolewa kwenye mashine na kuwekwa rafuni haifikiwi na mtu wa namna hiyo. Lazima aje kwa miguu avunje mlango.

Mkulima wa hapa hahitaji kuelezwa haya. Mahindi ya chakula yako kwenye kihenge, lakini ya mbegu hayachanganywi nayo. Yananing'inizwa juu ya jiko yapate moshi, na mwenye akili hupeleka debe moja kwa shemeji yake kijiji cha pili. Nyumba ikiungua, mbegu ipo.

Suala la gharama nalo nalijua. Mashine ya kanda ni ghali, na si kitu cha kununuliwa na shule wala na halmashauri moja moja. Lakini kanda yenyewe kwa kila terabaiti ni rahisi kuliko diski, na ikiwa rafuni hailii umeme hata uniti moja. Halafu tuna bahati ya jiografia. Vituo vikubwa viko Dar es Salaam, na Makao Makuu ya Serikali yako Dodoma. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda usiofika saa 4. Lile tranka la kanda 48, ambalo kwa ule waya mwembamba lingechukua siku 79, likipanda treni ya asubuhi linafika Dodoma kabla ya chakula cha mchana, likiwa na mtumishi mwaminifu na hati ya makabidhiano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunayo, kwa hiyo kanda zisafiri zikiwa zimefungwa kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo usisafiri kwenye tranka lile lile. Ufunguo nao uwe na nakala, maana ukipotea, kanda zote 48 ni plastiki.

Nisije nikaonekana naabudu kanda. Nazo zina maradhi yake. Hazipendi joto wala unyevu, na sote tunaijua Dar es Salaam ya mwezi wa pili. Zikitunzwa vizuri huhesabiwa kudumu hadi miaka 30, lakini mashine za kuzisoma huzeeka mapema zaidi. Mashine ya LTO ya kizazi cha 9 inasoma kanda za kizazi cha 8, lakini za 7 haizisomi. Kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa lazima zihamishiwe kwenye kanda mpya, na fedha ya kazi hiyo iwekwe kwenye bajeti siku ile ile zinaponunuliwa.

Katika hili mfano tunao nyumbani. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi hotuba za Mwalimu Nyerere na muziki wa bendi zetu, NUTA Jazz, Western Jazz, Mlimani Park na nyinginezo, kwenye kanda kubwa za mviringo. Nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zisingekuwapo leo kama si kanda hizo, kwa kuwa bendi zilirekodi kwenye studio za redio. Hazina hiyo sasa iko mikononi mwa TBC, na juhudi za kuihamishia kwenye kompyuta zimekwishafanyika. Ila kanda ya sauti ya dakika 60 inahitaji dakika 60 za kuichezesha, na mashine za kuichezesha haziundwi tena kwa wingi, wala mafundi wake si vijana. Kila mwaka unaopita kazi hiyo inakuwa ngumu zaidi. Nami nasema ikishahamishwa isiachwe kwenye seva moja, halafu mtu akaja kushauri mabaki yachomwe. Ushauri wa namna hiyo niliwahi kuutoa mimi.

Sasa ninachoomba. Tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao na tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Naomba kila taasisi inayotunza kumbukumbu za wananchi itangaze mara moja kwa mwaka, kwa lugha ya Kiswahili inayoeleweka, mambo matatu. Ni lini mara ya mwisho ilichukua nakala yake ya akiba na kuirudisha kwenye mashine tupu kwa majaribio. Kazi hiyo ilichukua saa ngapi. Na je, nakala hiyo iko jengo moja na data zenyewe, au mji mwingine? Sitaki kuambiwa mtaa wala namba ya chumba, hiyo ni siri ya ulinzi. Nataka tarehe na saa. Taasisi inayoweza kutaja tarehe imefanya jaribio, na isiyoweza kuitaja imejijibu yenyewe. Wakaguzi wanapokuja kuhesabu madawati na magari, wahesabu na hilo.

Naomba pia vyuo vyetu viwafundishe vijana kazi hii ya kunakili maghala makubwa na kuyarudisha. Kila kijana wa kompyuta ninayekutana naye anataka kutengeneza programu ya simu. Hakuna aliyeniambia kwamba anataka kuwa mtunza kanda.

Hapa shuleni kwetu, kila mwisho wa muhula diski yenye orodha ya wanafunzi huchomolewa, ikatiwa kwenye bahasha, ikapelekwa kwenye kabati lenye kufuli katika ofisi ya mratibu elimu kata, na ile ya muhula uliopita ikarudi nami. Muhula wa jana niliifungua iliyorudi na faili moja halikufunguka. Nimeshaliandika upya kutoka kwenye rejista ya karatasi, ambayo hatukuichoma.

Naomba wahusika watujibu kupitia safu hii hii.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ilembo, Mpanda.